Lodi Carnarvon na Nchi Zilizochorwa Mezani

Desemba 1876, Waziri wa Makoloni wa Uingereza alimwandikia barua Sir Bartle Frere, aliyekuwa akijiandaa kwenda kuwa gavana wa Rasi ya Tumaini Jema. Ilikuwa barua ya faragha, na waziri alifungua moyo. Transvaal, jamhuri ya Makaburu, aliandika, lazima iwe yetu. Upande wa kaskazini hakutaka dola nyingine isogee karibu na Misri. Kisha akaongeza kwamba hata mipaka hiyo haikumaliza alichokuwa nacho moyoni, kwa kuwa Uingereza haikupaswa kumkubali mshindani mashariki mwa Afrika, wala katikati ya bara.

Tuitazame tarehe hiyo vizuri. Mwaka 1876 Waingereza hawakuwa na koloni lolote mwambao wetu. Sultani Barghash bin Said alikuwa akitawala Zanzibar na miji ya pwani. Huko bara Mirambo alikuwa katika nguvu zake, na Buganda ilikuwa chini ya Kabaka Mutesa. Mkutano wa Berlin ulikuwa bado miaka minane mbele. Lakini katika kichwa cha mtu mmoja aliyeketi London, Afrika Mashariki ilikwisha kuamuliwa nani ataruhusiwa kuisogelea na nani atazuiwa.

Mtu huyo ni Henry Howard Molyneux Herbert, Lodi Carnarvon wa nne. Wengi wakilisikia jina la Carnarvon humkumbuka yule aliyegharimia uchimbaji wa kaburi la Tutankhamun nchini Misri mwaka 1922. Huyo ni mwanawe. Baba ndiye ninayemshughulikia hapa, na nina sababu. Historia ya ukoloni tumezoea kuisoma kupitia watu wenye tamaa ya wazi: wafanyabiashara wa almasi, makapteni wa makampuni, askari waliotafuta nishani. Carnarvon hakuwa mmoja wao. Alikuwa msomi, mcha Mungu, mtu aliyeumia akisikia dhuluma na aliyekuwa tayari kuacha uwaziri kwa ajili ya msimamo wake. Tukitaka kuelewa jinsi himaya ilivyofanya kazi, inatubidi tumwelewe mtu wa aina hiyo, maana ndiye aliyeipa himaya sura ya wema.

Alizaliwa London tarehe 24 Juni 1831. Baba yake alifariki mwishoni mwa 1849, na kijana wa miaka 18 akarithi vyote kwa mkupuo: cheo, mashamba, wapangaji, watumishi, na kiti katika Baraza la Malodi ambacho angekikalia atakapofikisha miaka 21. Desturi ya makabaila wa Uingereza ilimpa mtoto wa kiume wa kwanza cheo na karibu ardhi yote ili ukoo usisambaratike. Wadogo zake walitafuta maisha jeshini, kanisani au ng'ambo. Mapato yalitokana na kodi waliyolipa wakulima waliokodishwa mashamba. Kwa hiyo mkubwa wa ukoo alikuwa na muda, alikuwa na fedha, na bungeni alikuwa na sauti ambayo hakuiomba kwa yeyote.

Nyumba ya ukoo ilikuwa kasri la Highclere, Hampshire, ambalo watazamaji wa televisheni wa leo wanalijua kupitia tamthilia ya Downton Abbey. Baba yake alianza kulijenga upya mwaka 1842 kwa michoro ya Sir Charles Barry, yuleyule aliyebuni jengo la Bunge lililo kando ya mto Thames, na mtoto akaikamilisha kazi hiyo mwaka 1878. Ukiziangalia picha za majengo hayo mawili unauona mkono mmoja. Mtu kama Carnarvon alitoka nyumbani kwake akaingia bungeni bila kuhisi kwamba amebadilisha mahali, na kwa kweli hakuwa amebadilisha. Katika maisha yake yote ya siasa hakuna mtu aliyempigia kura.

Alisoma Eton, kisha Oxford, na mwaka 1852 akafaulu masomo ya Kigiriki na Kilatini kwa daraja la kwanza. Akasafiri Mashariki ya Kati, akakaa na Wadruzi wa Lebanon na baadaye kuwaandikia kitabu. Mwaka 1858, akiwa na miaka 26, aliteuliwa kuwa naibu katika Wizara ya Makoloni, ambako muda mfupi baadaye mkubwa wake alikuwa Edward Bulwer-Lytton, aliyejulikana zaidi kama mwandishi wa riwaya. Hivyo ndivyo nafasi zilivyogawanywa.

Inafaa kuijua wizara hiyo ilivyofanya kazi, kwa sababu maisha ya mamilioni ya watu yalipita kwenye meza zake. Waraka wa gavana ulifika kwa meli. Karani aliusoma, akaandika maoni yake mafupi, akaupandisha kwa mkubwa wake, naye akaongeza lake, hadi faili likafika kwa Katibu Mkuu na mwisho kwa waziri. Waziri aliandika mistari michache, na faili likashuka tena ngazi zilezile hadi likawa barua ya kurudi. Carnarvon alipokuwa waziri miaka ya 1870, Katibu Mkuu alikuwa Robert Herbert, aliyepata kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Queensland huko Australia. Jina la ukoo linajieleza: alikuwa binamu yake. Kutoka Rasi, barua ilichukua wiki tatu au zaidi. Waya wa telegramu wa chini ya bahari, uliopita Aden, Zanzibar na Msumbiji hadi Durban, ulikamilika mwishoni mwa 1879 tu. Kabla ya hapo waziri aliamua juu ya mambo yaliyokwisha kupita, na gavana aliyetaka kufanya lake alikuwa na mwezi mzima na ushee wa kulifanya.

Alipanda uwaziri kamili Julai 1866, na kazi kubwa iliyomkuta mezani ilikuwa Kanada. Wanasiasa wa makoloni ya Amerika ya Kaskazini walikuwa wamekutana Charlottetown na kisha Quebec mwaka 1864, wakakubaliana juu ya maazimio 72 ya kuungana. Walikuwa na sababu zao. Marekani ilikuwa imetoka kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ikiwa na jeshi kubwa. Wanamgambo wa Kiayalandi walikuwa wakivuka mpaka kuwashambulia. Ontario na Quebec zilikuwa zimekwama katika serikali moja isiyoweza kuamua lolote. Desemba 1866 wajumbe 16 walikusanyika London katika hoteli ya Westminster Palace ili kuugeuza mpango wao kuwa sheria. Carnarvon aliwapokea kwa heshima, akawakaribisha wakubwa wao Highclere. Kiongozi wao, John A. Macdonald, alirudi hotelini usiku kutoka huko, akalala akisoma gazeti kwa mwanga wa mshumaa, akaamka godoro na mapazia yakiwaka moto. Wenzake Cartier na Galt walisaidia kuuzima kwa maji. Aliungua, lakini aliendelea na kikao.

Mnamo Februari 1867 Carnarvon aliupeleka muswada katika Baraza la Malodi na kuutetea kwa hotuba nzuri, akisema wanaweka msingi wa taifa kubwa. Ulipita kwa urahisi. Upinzani wa Nova Scotia, ambako Joseph Howe alikuwa amekusanya maelfu ya saini, haukusikilizwa, na wananchi hawakuulizwa kwa kura. Wenyeji wa asili wa nchi, Wamohawk, Wacree, Wamikmaq na wengine, hawakuwa na mjumbe hata mmoja hotelini pale. Sheria iliwataja katika kifungu cha 91, kwenye orodha ya mambo yaliyowekwa chini ya serikali ya shirikisho, wao na ardhi zilizotengwa kwa ajili yao, pamoja na posta, sarafu na minara ya taa.

Malkia aliidhinisha sheria hiyo tarehe 29 Machi 1867, lakini siku hiyo Carnarvon hakuwa tena waziri. Mwanzoni mwa mwezi alikuwa amejiuzulu pamoja na Lodi Cranborne, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Lodi Salisbury, na Jenerali Peel. Walipinga mpango wa mwenzao serikalini, Disraeli, wa kuwapa kura wafanyakazi wengi wa mijini. Carnarvon aliamini kwa dhati kwamba dola ingetetereka endapo watu wasio na mali na elimu wangeichagua serikali. Mtu asizishike nchi za wengine kama anaogopa sauti za watu wa nchi yake, ndivyo mimi ninavyoona. Yeye hakuona mgongano wowote.

Alirudi wizarani Februari 1874, Disraeli alipounda serikali. Mwaka huo wa kwanza ulikuwa na shughuli nyingi. Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, ilifanywa koloni, na utumwa ukapigwa marufuku huko. Fiji ilikabidhiwa kwa Uingereza Oktoba 1874. Miezi michache baadaye ugonjwa wa surua, ulioingia na meli iliyomrudisha mfalme Cakobau kutoka Sydney, uliua takriban watu 40,000 wa visiwa hivyo. Lakini lililomgusa zaidi Carnarvon, na lililogeuza mwelekeo wa maisha yake, lilitoka Natal, koloni la Uingereza kusini mwa Afrika.

Langalibalele alikuwa mfalme wa Wahlubi, watu walioishi chini ya milima ya Drakensberg. Vijana wake walikuwa wakitembea kwa miguu hadi kwenye machimbo ya almasi ya Kimberley, mji uliopewa jina la waziri wa makoloni aliyemtangulia Carnarvon. Huko walifanya kazi, na kwa ujira wao wengi walinunua bunduki. Serikali ya Natal ikaamuru bunduki ziletwe kuandikishwa. Wenye nazo walijua kwamba nyingine zikipelekwa hazirudi. Langalibalele aliitwa Pietermaritzburg, akasitasita. Alikuwa na sababu ya kuogopa: mwaka 1858 mfalme mwingine, Matshana, aliitwa kwenye mazungumzo na John Shepstone, ndugu wa Theophilus Shepstone, mkuu wa mambo ya wenyeji, na shauri likageuka jaribio la kumkamata kwa hila. Langalibalele akaamua kuhama na watu wake kuelekea Lesotho. Tarehe 4 Novemba 1873, kwenye njia ya juu ya mlima, yalitokea mapambano na askari wa koloni. Wazungu watatu na Waafrika wawili wa upande wao waliuawa.

Kisasi kilikuwa kikali. Wahlubi walinyang'anywa ardhi na ng'ombe, wanawake na watoto wakagawanywa kwa walowezi kama vibarua, na majirani zao Waputini, ambao hawakuwa wamefanya kosa lolote, wakafanyiwa vivyo hivyo. Langalibalele alishtakiwa katika mahakama ambayo gavana mwenyewe, Sir Benjamin Pine, aliketi kama hakimu, na hakupewa wakili wa kumtetea ipasavyo. Akahukumiwa kuhamishwa maisha. Agosti 1874 alifikishwa kwenye kisiwa cha Robben, kisiwa ambacho miaka tisini baadaye kingemfunga Nelson Mandela.

Mtu aliyelisimamia shauri lake alikuwa John Colenso, Askofu wa Natal, ambaye Wazulu walimwita Sobantu. Colenso alikuwa tayari ametengwa na maaskofu wenzake kwa kuuliza maswali magumu juu ya vitabu vya Musa. Sasa alivunja urafiki wake wa miaka mingi na Theophilus Shepstone, akakusanya ushahidi kwa Waafrika waliokuwapo, akauandika ukurasa kwa ukurasa, akapanda meli kwenda London. Carnarvon alimpokea, akasoma makaratasi yake, akamsikiliza. Na akaamini.

Hapa namsifu Carnarvon bila kusita. Waziri mwingine angemlinda gavana wake. Yeye, Desemba 1874, aliamua kwamba mashtaka yalikuwa na kasoro kubwa na adhabu ilizidi mno. Pine aliondolewa. Langalibalele alitolewa kisiwani na kuwekwa katika shamba nje ya Cape Town. Waputini waliamriwa kulipwa fidia. Walowezi wa Natal walihamaki. Ilikuwa nadra sana mkubwa wa London kuchukua neno la Waafrika dhidi ya neno lao.

Lakini hakumrudisha Langalibalele kwao. Mzee huyo alikaa uhamishoni hadi mwaka 1887, na akafariki miaka miwili baada ya kurudi Natal. Na somo alilolichukua Carnarvon katika mkasa huo halikuwa kwamba watu kama Wahlubi wawe na sauti juu ya mambo yao. Alijiambia kwamba koloni dogo lenye Wazungu wachache na wenye hofu haliwezi kutawala Waafrika wengi kwa haki. Dawa yake ilikuwa serikali moja kubwa, yenye sera moja kuhusu wenyeji, kutoka Rasi hadi mto Limpopo. Akaikumbuka Kanada. Kule makoloni yaliunganishwa kwa sheria moja na yakatulia. Kwa nini kusini mwa Afrika isiwe hivyo?

Zilikuwapo sababu nyingine, na hakuzificha. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869, lakini ungeweza kufungwa wakati wa vita, kwa hiyo bandari ya Simon's Bay ilibaki muhimu kwa meli za kivita zilizohitaji makaa ya mawe. Machimbo ya almasi yalihitaji vibarua waje kwa wingi na kwa njia za uhakika, na njia hizo zilikatiza Transvaal na nchi za Waafrika waliokuwa bado huru. Hazina ya Uingereza ilitaka makoloni yajilipie ulinzi. Huruma, usalama na hesabu za fedha vyote vilimpeleka kwenye jibu lilelile, na mtu anapoona hivyo huacha kujiuliza.

Tarehe 4 Mei 1875 alituma waraka kwa gavana wa Rasi, Sir Henry Barkly, akipendekeza mkutano wa kuzungumzia shirikisho. Waraka ulikwenda mbali zaidi: ulitaja majina ya wajumbe. Kwa Rasi ya magharibi alimtaja Waziri Mkuu, John Charles Molteno; kwa Rasi ya mashariki alimtaja John Paterson, mpinzani wake wa kisiasa. Koloni la Rasi lilikuwa na serikali yake inayowajibika kwa bunge lake tangu 1872. Waziri aliyeko London sasa alikuwa akiligawa vipande viwili na kulichagulia wasemaji. Juu ya hayo akamtuma mwanahistoria James Anthony Froude azunguke nchi nzima akihutubia watu, akiwaeleza kwa nini serikali yao imekosea.

Molteno alikuwa mlowezi, mfanyabiashara na mfugaji wa kondoo. Hakuwa mtetezi wa Waafrika kwa maana ya Colenso. Lakini alikuwa na hoja mbili ambazo historia imezithibitisha. Alisema muungano ukija utoke ndani, kwa watu wa nchi wenyewe, kama ulivyotoka Kanada. Na walikuwapo wenzake waliohofia kwamba kuungana na jamhuri za Makaburu kungeua kitu cha thamani walichokuwa nacho Rasi: tangu 1853 sheria ya uchaguzi haikutazama rangi. Mwanaume yeyote mwenye mali ya pauni 25 aliweza kupiga kura. Transvaal Mwafrika hakuruhusiwa usawa wala kanisani wala serikalini.

Hili ndilo kosa la msingi la Carnarvon. Aliisoma Kanada vibaya. Kule hakuunda kitu; Wakanada walifika na muungano wao ukiwa umekwisha kuandikwa, yeye akaupigia pasi na kuufikisha bungeni. Alipotoka pale aliamini kwamba kazi ile ilifanyika London. Agosti 1876 aliitisha mkutano wake London, na ukawa aibu. Molteno alikuwa mjini lakini akakataa kuhudhuria. Rais Brand wa Dola Huru ya Orange alikuja kwa sharti kwamba shirikisho lisijadiliwe. Aliondoka na pauni 90,000 kama fidia ya machimbo ya almasi ambayo Uingereza ilikuwa imeyachukua. Waliobaki mezani walikuwa wachache waliokwisha kukubaliana na mwenyeji wao.

Mtu mwingine angekoma hapo. Carnarvon, ambaye wenzake barazani walimpachika jina la utani la Twitters kwa sababu ya wasiwasi na mitikisiko yake, akaamua kufika kwa njia ya mkato. Makaburu wa Transvaal walikuwa wameshindwa kumtiisha Sekhukhune, mfalme wa Wapedi, ambaye vijana wake nao walinunua bunduki kwa ujira wa Kimberley. Hazina ya jamhuri yao ilikuwa tupu. Carnarvon alimpa Theophilus Shepstone, mtu yuleyule aliyekuwa na mkono katika kesi ya Langalibalele, mamlaka ya siri ya kuitwaa nchi hiyo endapo wakazi wa kutosha wangependa. Januari 1877 Shepstone aliingia Transvaal na askari polisi 25 wa farasi. Tarehe 12 Aprili alitangaza mjini Pretoria kwamba nchi ni ya Malkia. Hakupiga kura mtu. Baadaye mwaka huo Paul Kruger alikwenda London kulalamika. Carnarvon alimpokea kwa adabu zote na kumwambia kwamba jambo hilo halitarudishwa nyuma.

Na sasa turudi kwa Bartle Frere, yule aliyeandikiwa barua. Pwani ya Afrika Mashariki ilimjua kabla ya Carnarvon kumtuma kusini. Mwanzoni mwa 1873 alifika Zanzibar kumshinikiza Sultani Barghash asaini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Barghash alikataa. Frere akaondoka, na tarehe 5 Juni mwaka huo Sultani akasaini mbele ya balozi John Kirk, baada ya kutishiwa kwamba manowari zitafunga bandari yake. Soko la Mkunazini likafungwa, na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa pale. Mombasa, wamisionari walipoanzisha makazi ya watumwa waliokombolewa, waliyaita Freretown kwa heshima yake. Kengele yao bado ipo Kisauni, na mahali pale abiria wa matatu hupaita Kengeleni. Kwa waliotolewa majahazini, Frere ni jina la uhuru, na haki hiyo asinyimwe.

Carnarvon alimwona Frere kuwa ndiye mtu wa kukamilisha shirikisho, na akamwahidi kuwa Gavana Mkuu wake wa kwanza. Frere alifika Cape Town mwishoni mwa Machi 1877. Njia aliyoitumia Zanzibar, ya kudai kwanza na kuleta manowari baadaye, ndiyo aliyokwenda nayo kusini. Februari 1878 aliifukuza serikali ya Molteno. Kisha akaugeukia ufalme wa Zulu, kwa imani kwamba shirikisho haliwezi kusimama jirani na Mfalme Cetshwayo mwenye jeshi lake.

Kufikia hapo Carnarvon alikuwa ameshaondoka. Januari 1878 Urusi ilikuwa ikiisogelea Istanbul, na Disraeli alitaka meli za kivita zipelekwe Dardanelles. Carnarvon aliona vita ikija, alikuwa amesema hadharani kwamba hapaswi kuwapo mtu wa kutamani vita nyingine kama ile ya Crimea, na kwa mara ya pili akajiuzulu. Alijitoa serikalini ili asiwe na hatia ya vita Ulaya, huku nyuma yake Afrika akiwa ameacha mtu, mpango na mamlaka vilivyokwisha kuielekea vita nyingine.

Frere alimpa Cetshwayo masharti Desemba 1878, likiwamo la kuvunja jeshi lake, akijua hayatekelezeki. London haikuwa imeridhia. Januari 11, 1879 majeshi ya Uingereza yalivuka mto. Siku kumi na moja baadaye, chini ya mlima wa Isandlwana, Wazulu waliwaua zaidi ya watu 1,300 wa upande wa Waingereza, wakiwamo mamia ya Waafrika walioandikwa jeshini Natal. Habari zilifika London tarehe 11 Februari. Julai mji wa Ulundi ulichomwa, Agosti Cetshwayo alikamatwa, na ufalme wake ukagawanywa vipande 13. Wapedi walivunjwa mwaka huohuo. Mwaka 1880 Wasotho walipigania bunduki zao, na Desemba Makaburu wa Transvaal waliasi. Februari 1881 waliwapiga Waingereza kwenye mlima Majuba na kurudishiwa sehemu kubwa ya uhuru wao. Watu weusi wa Transvaal hawakurudishiwa kitu.

Je, damu hiyo iko juu ya Carnarvon? Watetezi wake husema alikuwa nje ya serikali mwaka mzima kabla ya vita, na Frere hakutii maagizo. Ni kweli yote mawili. Lakini Frere alipelekwa kwa lengo moja, na lengo hilo lilikuwa la Carnarvon. Huwezi kumwagiza fundi abomoe ukuta, kisha ukasema hukujua nyumba itaanguka. Namhesabia sehemu yake, na si ndogo.

Miaka yake ya mwisho ina kisa kimoja zaidi cha kumheshimu. Juni 1885 Salisbury, aliyejiuzulu naye mwaka 1867 na sasa Waziri Mkuu, alimfanya mwakilishi wa Malkia nchini Ayalandi. Tarehe 1 Agosti Carnarvon alikutana kwa siri na Charles Stewart Parnell, kiongozi wa Waayalandi bungeni, katika nyumba tupu mtaa wa Mayfair, London, bila shahidi. Walizungumzia kujitawala kwa Ayalandi ndani ya himaya, na Carnarvon, aliyejifunza kitu kutokana na makoloni, hakuliogopa wazo hilo. Salisbury alijua, ila hakuliambia baraza la mawaziri. Siri ilipofichuka mwaka 1886, aliyebeba lawama ni Carnarvon. Aliyatetea maneno yake kadiri alivyoweza na hakupewa tena wadhifa mkubwa. Mwaka 1887 alisafiri hadi Rasi na Australia, akaiona hatimaye kwa macho yake nchi aliyojaribu kuiunda kwa barua.

Alifariki London mwishoni mwa Juni 1890. Siku chache baadaye, tarehe 1 Julai, serikali ya Salisbury ilitia saini mkataba na Ujerumani: Wajerumani walipewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, nao wakaitambua Zanzibar kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza na kuiachia Witu. Fikra ya ile barua ya 1876 ilikuwa imepata mipaka, nusu yake ikiwa imeangukia kwa mshindani ambaye Carnarvon hakutaka kumwona.

Shirikisho lake nalo lilikuja, miaka ishirini baada ya yeye kufa na baada ya vita nyingine kubwa zaidi kati ya Waingereza na Makaburu. Mwaka 1909 Walter Rubusana, John Tengo Jabavu na Abdullah Abdurahman, pamoja na wakili William Schreiner, walikwenda London kuliomba Bunge lisipitishe katiba ya Muungano wa Afrika Kusini iliyowafungia watu weusi mlango wa bunge na kuliacha suala la kura zao mikononi mwa Wazungu. Sheria ilipita bila mabadiliko waliyoyaomba, na Muungano ukaanza tarehe 31 Mei 1910. Ile haki ya kura ya Rasi iliyohofiwa wakati wa Molteno ilidumu miaka 26 tu ndani ya Muungano. Mwaka 1936 bunge la Wazungu la Muungano liliwaondoa Waafrika katika daftari la pamoja la wapiga kura, na hawakupiga kura tena na wananchi wenzao hadi Aprili 1994.